Mashimo Mengi, Visahani Vizima: Kisa cha Choki na Risasi, Malindi

Mpwa wangu alirudi kutoka uwanja wa kupiga visahani kwa bunduki Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kusi linavuma la kung'oa makuti, akanitupia kadi ya alama mezani bila hata salamu. Kwa kawaida ni kijana wa adabu. Nikaisoma: visahani 25, kavunja 14 kwa risasi ya kwanza, 5 kwa ya pili, 6 vimekwenda zake. Pointi 52 kati ya 75. Mwezi mmoja nyuma, uwanja ule ule, alikuwa kapata 66. Na mashindano ya huko bara yamebaki wiki tano.

"Mjomba, bunduki imeharibika."

Bunduki haiharibiki hivyo. Nikamwambia aketi, anywe chai, kisha anieleze amebadilisha nini.

Kwa asiyeujua mchezo: mashine iliyofichwa kibandani inarusha kisahani mbele, kinakwenda mbali na mpigaji kwa pembe asiyoijua. Mpigaji amesimama karibu mita 15 nyuma ya kibanda, kwenye kimoja cha vituo vitano. Anaita, kisahani kinatoka, naye ana risasi mbili. Akikivunja kwa ya kwanza ni pointi 3, kwa ya pili ni 2, akikikosa ni sifuri. Kisahani chenyewe watu hukiita cha udongo, lakini ni lami iliyochanganywa na unga wa chokaa, upana wa milimita 110, uzito wa gramu 105 hivi. Ukikiangusha sakafuni kinapasuka kama kigae. Angani, kikizunguka na kukuonyesha ukingo wake tu, ni habari nyingine.

Na bunduki ni ile ya marisaa, si ya risasi moja. Kila risasi ina mamia ya punje, nazo zikitoka mtutuni hutawanyika. Choki ni kule kubanwa kwa mdomo wa mtutu ili punje zisitawanyike mapema. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi. Choki nusu inaubana kwa nusu milimita, robo tatu kwa milimita 0.75, na choki kamili kwa milimita moja. Ndiyo, ugomvi wote huu ni wa milimita moja. Bunduki za siku hizi choki zake ni vipande vya chuma vinavyofungwa kwa hesi mdomoni, unatoa hiki unatia kile, na hapo ndipo vijana wanapopata maradhi.

Maana yeye alikuwa ametia choki kamili mitutu yote miwili. Zamani alikuwa na nusu mtutu wa chini, robo tatu mtutu wa juu. Na siku hiyo hiyo alikuwa ameanza boksi jipya la risasi. Za zamani zilikuwa gramu 28, punje za milimita 2.4. Mpya zilikuwa gramu 24, punje za milimita 2.0. Rafiki yake alimpa hesabu tamu: punje ndogo ni nyingi, choki kali inaziweka pamoja, basi kisahani hakina pa kupita. Akanunua. Risasi hizi si za kununua kama karanga. Tunazifuata kwa muuzaji mwenye leseni, cheti cha bunduki mkononi, na cheti chenyewe kinasema mtu anaruhusiwa kununua ngapi na kukaa na ngapi. Ukikosea kuchagua, kosa lako unakaa nalo kabatini.

Amebadilisha vitu viwili kwa siku moja. Hapo nilitaka kumpiga kofi la mapenzi. Kama zile risasi mpya zingekuwa mbovu na choki nzuri, tungejuaje? Na kama ni kinyume chake?

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kuuondoa upepo kwenye orodha, kwa sababu wenzake uwanjani walikuwa wameshampa hukumu: kusi. Uwanja uko kwenye shamba upande wa Mambrui, ukishavuka Sabaki, na tunapiga tukielekea kaskazini. Kusi linatoka mgongoni. Upepo wa mgongoni hukikandamiza kisahani, kinakwenda haraka na kinashuka mapema kuliko ulivyozoea. Ule wa usoni hukiinua. Kwa hiyo hoja yao ilikuwa na miguu. Nikaomba kadi za wengine wa siku ile. Walikuwa wanne. Mmoja kapungukiwa pointi 3, mwingine 2, wawili wako pale pale. Kusi halimchagui mtu mmoja likamla 14.

Jumanne tukaenda sisi wawili tu na kijana wa mashine. Kituo cha polisi kimearifiwa kama kawaida, bunduki imevunjwa vipande ndani ya sanduku lake. Sikumwambia apige karatasi kwanza, tuone punje zinavyotawanyika. Nilimwambia apige raundi tatu kama alivyopiga Jumamosi, choki zile zile, risasi zile zile, mimi nimesimama pembeni na kofia yangu na daftari. Nilikuwa nimechomeka vijiti kila mita tano kutoka kibandani, nione kisahani kiko wapi anapofyatua.

Niliona mambo mawili. La kwanza, hakuwa anachelewa: risasi ya kwanza ilitoka kisahani kikiwa mita 17 au 18 mbele ya kibanda, yaani mita 32 au 33 kutoka kwake. Huo ni mwendo mzuri kwa mtu wa umri wake. La pili ndilo lililonifanya niache kuandika. Mara nyingi, akipiga, kisahani kilitoa vumbi. Kiwingu kidogo cheusi, kama mtu kapuliza jivu, kisha kisahani kile kile kinaendelea na safari. Kwenye mchezo huu vumbi si alama. Mwamuzi anataka aone kipande kimeachana na kisahani, hata kiwe kama ukucha. Vumbi tupu umekosa.

Na vumbi lile lilikuwa linamuua mara mbili. Akiliona, moyo unamwambia kimevunjika, bega linalegea. Kisha anatanabahi kwamba kinaruka, anafyatua tena, lakini sasa kiko zaidi ya mita 40. Ndiyo sababu hata risasi ya pili ilikuwa haimwokoi.

Raundi tatu zilipokwisha, alikuwa amekosa 18. Nikamwambia: twende tukaviokote.

Hakuna anayeokota visahani vilivyokoswa. Vingi huvunjika vikianguka, na vizima wanaokota watoto. Lakini mbele ya kibanda chetu ni mchanga na nyasi laini, tukavipata 11 vizima. Nikavipangusa kwa kanzu, kimoja kimoja, nikavigeuza juani. Saba vilikuwa na alama. Kimoja nimekiweka nyumbani hadi leo: kina vidonda vinne ukingoni, kimoja kimeingia hadi kumetokeza kijitundu cha kupita sindano, na chote ni kizima kama kilivyotoka kwenye katoni. Kijana alikishika akakaa kimya. Kisha akasema polepole, "Kumbe nilikuwa nakipiga."

Alikuwa anakipiga. Mwezi mzima alijilaumu kwa kukosa, akabadilisha mkao wa miguu, akaanza kuinua kichwa kwenye kitako cha bunduki ili aone vizuri, na kosa hilo la mwisho lilikuwa la kweli na lilikuwa limeshaanza kuota mizizi.

Sasa karatasi. Tulisimamisha fremu ya boriti mbili, tukagonga karatasi za manila zilizoungwa, mita moja na robo kila upande. Umbali mita 35 kwa futi kamba, si kwa hatua. Desturi ya viwandani ni yadi 40, karibu mita 36.6, na duara la inchi 30, karibu sentimita 76, ambamo choki nusu hutarajiwa kuingiza asilimia 60 ya punje na choki kamili asilimia 70. Mimi nilitaka umbali wake yeye, si wa kiwandani. Alifyatua karatasi tano kwa kila mchanganyiko, karatasi mpya kila risasi, kisha unatafuta pale punje zilipojazana zaidi, unachora duara kwa penseli na uzi, unahesabu. Michanganyiko minne: risasi mbili mara choki mbili. Risasi 20 zimekwenda na alasiri nzima. Inachosha, na ndiyo maana watu hawafanyi.

Ili nijue asilimia ya nini, nilifungua risasi moja ya kila aina nyumbani, nikamimina punje kwenye sahani ya kikombe cha kahawa na kuzihesabu kumi kumi kama kete za bao. Ya zamani ilikuwa na 347. Mpya ilikuwa na 503.

Matokeo yakanicheka mimi. Risasi ya zamani na choki nusu: 231, 224, 238, 219, 228. Wastani 228. Risasi mpya na choki kamili: 341, 297, 352, 308, 332. Wastani 326. Mashimo karibu mia zaidi! Kijana akapiga makofi. "Si nilikwambia, mjomba? Karatasi imesema."

Karatasi ilikuwa imesema, lakini tulikuwa hatujamaliza kuisikiliza. Angalia asilimia. Punje 228 kati ya 347 ni karibu asilimia 66. Punje 326 kati ya 503 ni 65. Choki kamili, iliyobana mara mbili ya nusu, haijaongeza kitu. Na risasi ya zamani ilipotiwa kwenye choki kamili ilipanda hadi wastani wa 264, asilimia 76, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo choki ilikuwa nzima. Ni zile punje mpya zilizokataa kukaa pamoja, na hata karatasi na karatasi hazikufanana: 297 hii, 352 inayofuata.

Nikarudi kwenye sahani ya kahawa. Nikachukua punje moja ya kila aina, nikaibana kwa koleo. Ya zamani ilikaza kwanza kabla ya kulegea. Mpya ilibonyea kama ubani uliokaa juani. Risasi yenyewe, ile madini, ni laini. Watengenezaji huichanganya na antimoni ili iwe ngumu, na antimoni ina gharama. Punje laini inapokanyagwa na msukumo wa baruti, kisha ikasukumwa kwenye mdomo uliobanwa, hutoka imekuwa bapa, na punje bapa haiendi moja kwa moja, inapepea kando. Choki ikizidi kubana, zinazidi kuharibika. Lile boksi la bei nafuu na ile choki ya kujivunia vilikuwa vinapigana ndani ya mtutu mmoja.

Hilo lingetosha kueleza karatasi. Halielezi visahani vizima, kwa sababu hata baada ya hasara yote hiyo mashimo bado yalikuwa mengi. Maelezo yako kwenye uzito. Kati ya milimita 2.0 na 2.4 jicho halioni tofauti, lakini uzito wa tufe hufuata upana mara tatu: 2.4 kwa 2.0 ni 1.2, na 1.2 ikizidishwa yenyewe mara tatu ni 1.73. Punje ya zamani ilikuwa na uzito wa karibu mara moja na robo tatu ya mpya. Zote zinatoka mtutuni kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde hivi, lakini punje nyepesi hewa huipokonya mwendo haraka zaidi, kama unavyorusha kokoto na unavyorusha jiwe. Zikifika mita 33 ile ndogo imepungukiwa mara mbili, uzito na kasi. Na kisahani kinachokukimbia hakikupi tumbo, kinakupa ukingo, sehemu yake nene kuliko zote. Punje nne za namna ile zinatoa vumbi na vidonda. Nne za milimita 2.4 zinatoa vipande.

Yule Mtaliano mzee aliyenifundisha mchezo huu hapa Malindi miaka mingi iliyopita alikuwa na usemi wake wa kuchanganya lugha tatu kuhusu jambo hili, siwezi kuuandika mbele za watu. Maana yake ni kwamba usimhesabu mgeni kwa idadi ya viatu mlangoni.

Punje ndogo si mbaya kila mahali. Kwenye skiti, ambako kisahani kinapita mbele yako kwa mita 20 hivi na choki imefunguliwa karibu kabisa, milimita 2.0 ndiyo yenyewe: unataka wingu pana na jepesi. Rafiki yake, nilipodadisi, hupiga skiti. Alimshauri kwa haki, ila kwa mchezo wake. Na upande wa gramu, wapigaji wa Olimpiki wanatumia gramu 24 kwa sheria na wanavunja visahani vya mbali zaidi ya vyetu, kwa hiyo asije mtu akasema kosa lilikuwa kupunguza gramu 4. Wao hutumia punje ngumu za milimita 2.4 hivi.

Je, basi choki kamili na risasi ya zamani? Asilimia 76 inavutia. Nilikataa, na hapa ni maoni yangu. Nilichora duara dogo ndani ya lile kubwa, nusu ya upana wake, nikaona punje nyingi zimejazana humo, na pembezoni pamebaki mapengo ya kupitisha kisahani kizima. Choki kamili inamlipa mtu asiyekosea zaidi ya kiganja. Mpwa wangu anakosea kiganja na nusu, nami nakosea vilevile. Kwa mtu anayefyatua kwenye mita 33, nusu chini na robo tatu juu kwa risasi ya pili ndivyo alivyokuwa navyo tangu mwanzo, na ndivyo alivyorudia.

Kurudia kwenyewe kulikuwa na vituko. Kipande cha choki kamili cha mtutu wa chini kiligoma kutoka. Alikitia kikavu, bila grisi, na wiki kadhaa za hewa ya bahari ya Malindi pamoja na masizi ya baruti na plastiki ya vikombe vya risasi vilikwisha kukigandisha. Alitaka kukipeleka kwa fundi wa mashine za boti. Nikamkataza: fundi wa boti atatumia nyundo, na mtutu ule mdomoni ni mwembamba kama ganda la yai. Tuliusimamisha mdomo chini ndani ya kopo la mafuta ya kulegeza kutu, tukauacha siku mbili, kisha ufunguo wake wenyewe, taratibu. Kipande kilitoka na mlio wa mlango wa zamani. Tangu hapo grisi kidogo kwenye hesi, na kukikaza tena kwa mkono kila baada ya raundi, kwa sababu choki iliyolegea ni hatari kuliko iliyoganda. Na usifyatue hata mara moja bila kipande mle ndani, utaziharibu hesi.

Suala moja aliniuliza mwenyewe, nikafurahi kuulizwa: kwa nini tusihamie punje za chuma, kwa sababu mdomo wa Sabaki hauko mbali na ndege wa majini humeza risasi wakidhani ni changarawe, wakafa kwa sumu yake. Ni kweli, na ndiyo sababu uwanja umegeuziwa mgongo mto. Lakini chuma ni chepesi kuliko risasi kwa karibu theluthi, kwa hiyo ukubwa wa punje lazima upande, nacho hakibonyei, kwa hiyo choki lazima ifunguliwe. Chuma kwenye choki kamili unatafuta kuuvimbisha mtutu. Ni kazi ya karatasi upya tangu mwanzo. Tumeiweka baada ya mashindano.

Wiki nne zilizobaki sehemu kubwa ilikwenda kwenye kumrudisha shavu kwenye kitako. Choki tuliirekebisha kwa siku mbili. Kichwa alichojifundisha kuinua mwezi mzima kilihitaji mwezi mzima kushuka. Zile risasi ndogo zilizobaki alizimalizia mazoezini kwenye visahani vya karibu, mita 20, na huko zilivunja vizuri sana, hadi akaniangalia kwa jicho la kutaka kuzionea huruma.

Mashindano yalikuwa karibu na Nairobi, visahani 100. Nilimtahadharisha kwamba kule juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na punje zitakaa pamoja kidogo zaidi kuliko karatasi zetu za Mambrui zilivyoonyesha. Nilikuwa nusura nimwambie afungue choki ya chini hadi robo. Nikanyamaza, tulishakubaliana kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Alipata 66, 63, 68 na 67. Jumla 264 kati ya 300. Hakushinda, alikuwa katikati ya orodha. Nilipoipitia kadi usiku ule hotelini, vingi alivyokosa vilikuwa vya kituo cha tano, vile vinavyokata kulia. Kwenye karatasi zetu zote hakuna mahali panapoeleza hilo, wala choki haina neno la kusema. Nikamuuliza anahisi nini akiwa pale.

"Sijui, mjomba. Nahisi mguu wa kushoto umenifunga."

Basi Jumanne inayofuata tukarudi Mambrui, safari hii bila fremu wala manila, nikakaa kwenye kiti cha makuti nyuma ya kituo cha tano nikiangalia miguu yake.